Mwambao wa Bara: Karema, Meli na Wageni Wake

Neno mwambao, kila litajwapo katika vitabu vyetu vya historia, huwapeleka wasomaji moja kwa moja kwenye Bahari ya Hindi: Kilwa, Bagamoyo, Pangani, Unguja na Pemba. Huko ndiko yaliko magofu ya misikiti, milango ya nakshi na makaburi ya nguzo, na huko ndiko macho ya wageni yamezoea kuelekezwa. Lakini sisi tunaokaa Sitalike, kijiji kilicho kwenye lango la Mbuga ya Katavi, kusini ya mji wa Mpanda, tukisema mwambao twakusudia nchi nyingine. Twakusudia ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ikola na Karema hadi Kipili na Kasanga. Ukingo huo nao una miji yake ya kale na bandari zake, na una habari za meli ambazo mtu akizisikia mara ya kwanza hudhani ni hadithi za kutungwa.

Katika makala haya tumekusudia kuueleza mmoja wa miji hiyo, yaani Karema, na kuuliza swali ambalo siku hizi haliepukiki: mji wa namna hii uoneshwe vipi kwa mgeni anayeshuka kutoka melini, akiwa na saa chache tu mkononi kabla king'ora hakijamwita arudi?

Swali hili si la kubuni. Katika mwambao wa Bahari ya Hindi meli za watalii zimekwisha kuwa jambo la kawaida. Mnamo Januari 2024 meli kubwa iitwayo Norwegian Dawn ilifika Unguja na Dar es Salaam ikiwa na abiria zaidi ya 2,000. Meli ndogo zaidi zimekuwa zikitia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331, ukashambuliwa na Wareno mwaka 1505, na ukatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Utaratibu wa ziara hizi hautofautiani sana baina ya bandari na bandari. Wageni hushushwa kwa mashua ndogo, hupangwa makundi makundi, kila kundi likapewa kiongozi wake. Huzungushwa kwenye Msikiti Mkuu na kwenye kuta za Husuni Kubwa. Hununua ukili na vinyago. Na jua likianza kuinama huwa wamekwisha rudi melini kula chakula cha jioni. Hatusemi kwamba ziara hiyo haina faida. Mwenye mashua hupata, mama muuza vikapu hupata, na kiongozi hupata. Lakini mji uliojengwa kwa karne nyingi hauwezi kusomeka kwa muda wa saa nne, na mara nyingi kinachosomwa ni kile tu ambacho mgeni alikuwa amekwisha kisoma kwao kabla ya kupanda meli.

Sasa tuitazame Karema.

Mji huu ulikuwa sehemu ya nchi ya Wabende kabla ya mzungu yeyote kuweka jiwe lake pale. Vitabu vingi vya Ulaya huanza habari zake mnamo Agosti 1879, pale Kapteni Cambier, mtumishi wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoanzishwa Brussels mwaka 1876 chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, alipofika ziwani na kuanza kujenga boma. Jumuiya hiyo ilidai kwamba kazi yake ni elimu, ustaarabu na kukomesha biashara ya watumwa. Baadaye ulimwengu wote uliona mwisho wa madai hayo ulikuwa nini ng'ambo ya pili ya ziwa, katika nchi ya Kongo. Lakini boma lenyewe halikujengwa na Wabelgiji kwa mikono yao. Misafara yao ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi na waungwana wa Unguja. Walinzi wake walikuwa watu walioajiriwa pwani. Na lugha iliyounganisha amri ya Mbelgiji na kazi ya Mbende ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana tunasema kwamba Karema ni mji wa mwambao kwa maana zote mbili: uko ukingoni mwa maji, na ulikuwa mwisho wa njia iliyoanzia katika miji ya Bahari ya Hindi.

Kuhusu njia hiyo iko habari moja ambayo sisi wa Sitalike hatuwezi kuipita haraka, kwa sababu mwisho wake uko karibu na milango yetu. Mwaka huohuo wa 1879 Mfalme Leopold alimwajiri mtu mmoja aitwaye Carter kufanya jaribio la ajabu. Tembo wanne waliofugwa waliletwa kutoka Bara Hindi, pamoja na walezi wao, wakashushwa majini huko Msasani, wakaogelea na kutembea hadi nchi kavu. Fikira ilikuwa kwamba tembo hao wabebe mizigo hadi Karema, kisha wafundishe tembo wa Kiafrika kazi hiyo, ili msafara usihitaji tena mamia ya wapagazi wanaogoma, wanaougua, na wanaodai ujira. Fikira hii inatuambia mengi kuhusu wapagazi kuliko kuhusu tembo. Watu waliokuwa wakidharauliwa katika vitabu vya wasafiri kama wavivu na watoro, kumbe walikuwa nguvu ambayo hata mfalme wa Ulaya alitafuta njia ya kuikwepa akaikosa. Tembo walikufa mmoja baada ya mwingine njiani. Mmoja tu ndiye aliyepata kuyaona maji ya Tanganyika.

Carter mwenyewe alifika Karema, lakini hakurudi pwani. Mnamo Juni 1880, alipokuwa njiani kurejea pamoja na mwenzake Cadenhead, alikutwa Mpimbwe wakati mji wa hapo uliposhambuliwa na majeshi ya Mirambo na washirika wake, na wote wawili waliuawa. Mpimbwe hiyo ni nchi ya Wapimbwe, kusini mwa mbuga. Mtu akitoka Sitalike na kuivuka Katavi hutokea huko. Mgeni wa leo huipita nchi hiyo akitafuta tembo wa kupiga picha, wala hakuna kibao kinachomweleza kwamba jaribio la kumfanya tembo kuwa punda wa mfalme lilikomea hapa. Wala hakuna kinachomweleza Mirambo alikuwa nani, kwamba alikuwa mtemi wa Kinyamwezi aliyezitawala njia za biashara kati ya Tabora na ziwa hata Waarabu wa Tabora na Wazungu wakalazimika kumhesabu kama dola.

Ziwa nalo lilikuwa na shauri lake. Cambier alipochagua kilima cha Karema, maji yalikuwa karibu, na mahali pale palionekana kufaa kwa bandari. Lakini mnamo mwaka 1878 hivi, upande wa magharibi, maji yalikuwa yamekwisha kuvunja kizuizi cha matope na majani kilichoufunga mlango wa Mto Lukuga, yakaanza kutoka kwa nguvu kuelekea Mto Kongo. Ziwa likashuka mwaka baada ya mwaka. Boma lililojengwa ili lisimamie bandari likajikuta limesimama mbali na maji, likitazama uwanda mpana wa mchanga na matete. Katika miaka ya karibuni, tangu mwaka 2020 hivi, ziwa limepanda tena na kuzifunika nyumba na gati katika sehemu nyingi za kingo zake. Wavuvi wa Tanganyika hawakushangaa sana kama walivyoshangaa wataalamu.

Tunafika sasa kwenye jambo zito. Miongoni mwa waliotawala boma la Karema alikuwa Luteni Emile Storms, aliyefika mwaka 1882. Mwaka uliofuata alivuka ziwa akaanzisha kituo cha Mpala katika Kongo ya leo. Huko alipigana na mtawala aitwaye Lusinga, na mwezi Desemba 1884 watu waliotumwa na Storms walimwua Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu lake lilichukuliwa Ubelgiji pamoja na mafuvu mengine, likahifadhiwa katika mikusanyo ya makumbusho kama kitu cha sayansi. Lusinga hakuwa malaika. Alikuwa mwenye bunduki aliyeuza watu, na majirani zake walimwogopa. Lakini hilo halimpi mtu haki ya kukihesabu kichwa cha binadamu kuwa ukumbusho wa safari. Huko Brussels kwenyewe sanamu ya Storms iliyokuwa ikisimama katika bustani ya mji iliondolewa mwaka 2022. Itakuwa kichekesho, basi, ikiwa Wabelgiji wameishusha sanamu kwao, nasi huku tukaendelea kumwonesha mgeni boma la Karema kama kazi ya mashujaa walioleta mwanga, bila kulitaja jina la Lusinga.

Baada ya Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 Leopold alielekeza nguvu zake zote Kongo. Ukingo wa mashariki ukaangukia upande wa Wajerumani, na Karema ikakabidhiwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie mwaka 1885. Kuta za boma zikaingizwa katika majengo ya misheni. Miaka mingi baadaye, mwaka 1953, Karema ikawa jina la jimbo zima la Kanisa Katoliki, hadi mwaka 1969 jina hilo lilipobadilishwa kuwa Sumbawanga. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu mapadre hao, tena wao wenyewe walikuwa waandishi hodari, kwa hiyo hatutakaa hapo.

Tungependa kukaa kwa mtu mmoja ambaye hakuwa padre. Adrien Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika nchi za Mto Niger, upande wa Timbuktu. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, na huko Algeria akakombolewa na Mapadre Weupe. Walimpeleka Malta, akasomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema kama mganga na katekista, na hapo akakaa, akitibu watu, hadi alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 katika mji mmoja. Aliwasili kabla Wajerumani hawajaimarisha utawala wao ziwani, akawaona wakija na kuondoka, akawaona Waingereza, na alifariki ikiwa imesalia miaka mitano tu Tanganyika ijipatie uhuru. Alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa Kibende, na mwana wao akawa padre. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, na simulizi hiyo ilichapishwa wakati angali hai.

Hebu msomaji afikiri. Mtoto aliyetoka magharibi kabisa ya bara letu, akavushwa kwa minyororo hadi kaskazini, akasoma katika kisiwa cha Bahari ya Kati, akapitia Unguja, akatembea kwa miguu njia ileile ya wapagazi, akawa mzee wa Karema na kuzikwa na watu wa Karema. Ikiwa twatafuta ushahidi kwamba Afrika ilijuana kabla ya kuwapo mipaka ya leo, ushahidi ndio huo. Kwa maoni yetu kaburi la Atiman lastahili kuwa kituo cha kwanza cha mgeni, na boma liwe la pili.

Na sasa meli. Wageni wengi wakilisikia jina la Liemba huchangamka, kwa kuwa meli hii imekwisha kuandikwa sana. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, ikapewa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande na kutiwa katika maelfu ya masanduku. Masanduku hayo yalisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako mafundi watatu wa Kijerumani na mamia ya wafanyakazi Waafrika na Wahindi waliiunga upya. Ilishushwa majini mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa Mto Malagarasi ili isitekwe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake mafuta mazito, kama mtu afukiaye jembe akikusudia kurudi kulilimia. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwezi Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya la Liemba, jina ambalo Livingstone alikuwa amelisikia mwaka 1867 likitumiwa na watu wa kusini kwa ziwa lao.

Kiwanda hichohicho cha Meyer ndicho ambacho katika miaka yetu kimekuwa kikiunda baadhi ya meli kubwa kabisa za watalii duniani, zenye maelfu ya vitanda, kumbi za michezo na mabwawa ya kuogelea. Kwa hiyo Liemba ni ndugu mkubwa wa meli hizo, ingawa ni ndugu aliyekwenda kufanya kazi ya jasho. Kwa miaka mingi haikubeba watalii ila wachache waliopenda usumbufu. Ilibeba dagaa na migebuka, mawese na mahindi, wachuuzi na walimu waliohamishwa vituo. Katika vijiji vingi hapakuwa na gati; meli ilisimama majini, ikapiga king'ora, na mashua zikaizunguka kama kuku wanaoitwa mtama, watu wakipanda na kushuka usiku wa manane huku mizigo ikirushwa juu ya vichwa. Karema ilikuwa moja ya vituo hivyo. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa zikatiwa za dizeli. Mwaka 1997 meli hii iliwarudisha makwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na mwezi Mei 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, ambako umati ulikuwa umekwama ufukweni na kipindupindu kimekwisha kuingia. Hatujui meli ya anasa yenye historia kama hiyo.

Huduma yake ilisimama mwishoni mwa miaka ya 2010 kwa sababu ya uchakavu, na Serikali ikaingia mkataba wa kuikarabati. Wakati huohuo bandari mpya yenye gati imejengwa Karema kwa gharama ya mabilioni ya shilingi, hasa kwa ajili ya biashara na Kongo. Kwa hiyo mambo mawili ambayo mji ulikosa tangu maji yalipoikimbia ngome ya Cambier, yaani gati na meli, sasa yanaelekea kukutana. Hapo ndipo swali letu la mwanzo linapokuwa la kweli.

Ni lazima tuseme wazi hali ilivyo upande wetu. Mtalii wa kigeni anayekuja Katavi kwa kawaida hutua kwa ndege ndogo katika kiwanja cha Ikuu, katikati ya mbuga. Hulala kambini, huangalia viboko na nyati, kisha hupanda ndege kwenda Mahale kuwatazama sokwe. Sitalike huiona kutoka juu, kama huiona kabisa, na Karema haiko hata katika ramani ya safari yake. Anaondoka akiamini kwamba magharibi ya Tanzania ni nchi ya wanyama isiyo na watu wala historia. Anauacha hata ule mkwaju wa Ziwa Katavi, ambako wenyeji hupeleka sadaka zao kwa Katabi, ambaye ndiye aliyeipa mbuga jina lake. Au akioneshwa, huoneshwa kama mti wenye kivuli kizuri.

Wapo watakaosema kwamba meli ya watalii ikija Karema itaharibu mji. Hofu hiyo twaifahamu, maana tumeona katika miji mingine jinsi ngoma ya mavuno inavyopigwa mwezi usio wa mavuno, tena kwa dakika kumi, kwa kuwa kundi la pili linasubiri. Lakini kujificha si dawa. Karema haikuwahi kuwa mji uliofichika. Tangu mwanzo ulipokea watu wa Unguja, Unyamwezi, Ufipa, Kongo, Ulaya na hata Timbuktu. Kinachotusumbua ni nani atakayesema gatini. Ikiwa kiongozi wa wageni ataletwa kutoka mji mkuu wa mbali pamoja na karatasi aliyokaririshwa, atazungumza habari za Leopold na za Götzen, kisha atawaelekeza wageni kwenye duka. Lakini wapo vijana wa Karema na wa Ikola ambao babu zao walitibiwa na Atiman, na wapo wa Mpimbwe wenye masimulizi ya vita vya Mirambo. Hao wafundishwe kazi hiyo na walipwe kwa hiyo. Na masimulizi ya wazee yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, ndipo yafasiriwe katika lugha za wageni.

Liko na suala la muda. Kutoka Karema hadi Mpanda ni zaidi ya kilometa mia moja, na kutoka Mpanda kuja Sitalike ni safari nyingine tena. Saa nne za meli za pwani hazitoshi hata kwenda, sembuse kurudi. Ziwa lenyewe, lenye urefu wa kilometa zipatazo 670, si la mtu mwenye haraka. Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba meli yoyote ya wageni itakayofunga Karema, iwe ni Liemba iliyokarabatiwa au nyingine, ilale hapo usiku mbili. Siku ya kwanza iwe ya mji: kaburi la Atiman, boma, soko la dagaa. Siku ya pili, kabla ya jua kuchomoza, magari yaondoke kuja huku, yapite Mpanda, yasimame kwenye daraja la Mto Katuma hapa Sitalike, na wenye kutaka waende hadi Mpimbwe. Maji ya Katuma, tungewaambia wageni wakiwa darajani, hayaendi Tanganyika walikotoka. Yanaingia Ziwa Katavi, yakatoka huko kwenda Rukwa. Kisha wapewe chai, na dereva aharakishe, kwa kuwa barabara ya Karema ni ndefu usiku, na meli itakuwa ikiwangoja gatini.